Fainali ya Wajerumani Sebuleni kwa Baba

Jirani wa ghorofa ya tatu alinikuta katika chumba cha kufulia nguo, nikikunja mashuka ya mama. Ni Mkongo wa Bukavu, na tangu utoto wangu tumemwita Jirani tu, kana kwamba jengo zima halikuwa na jirani mwingine. Alishika ncha mbili za shuka bila kuombwa. Tukakunja pamoja, tukikaribiana na kuachana, mashine zikizunguka nyuma yetu. Tulipofika shuka la tatu ndipo aliponiuliza, macho yake yakiwa kwenye pindo.

"Jumamosi ni fainali ya Wajerumani. Tutakuya ao hapana?"

Nikamwambia waje kama kawaida, mama atafurahi. Kisha nikamuuliza nani atatangaza mpira.

"Ni weye," akasema. "Kwani kuko mwingine?"

Baba alifariki mwezi wa pili. Hapa Stockholm marehemu husubiri. Tulimzika wiki kadhaa baadaye, chini ya misonobari, theluji ikiwa imesukumwa pembeni kama mchanga wa ujenzi. Watu walilia. Mimi nilisimama nikiwaza kwamba kiatu changu cha kushoto kinaingiza maji. Tangu siku ile nimekuwa hivyo hivyo. Nakwenda kazini, jikoni mwa shule, namenya viazi, napanga trei, narudi. Mtu akiniuliza naendeleaje nasema naendelea, na si uongo. Sisikii maumivu, wala sisikii kitu kingine. Ni kama mkono ulioulalia usiku, unauona ni wako lakini huuhisi.

Na mama anahama. Amepata nyumba ndogo yenye lifti huko Farsta, na mwisho wa mwezi wa sita atakabidhi funguo za nyumba yetu ya Rågsved. Kwa hiyo fainali hii ndiyo ingekuwa ya mwisho katika sebule ile. Nikikataa kutangaza, jioni ya baba ingekwishia mikononi mwangu, mama akiona. Nikikubali, ingenibidi nifungue mdomo na kumtafuta yeye humo ndani, nami sikuwa na hakika kwamba ningekuta kitu.

Acha nikueleze, rafiki yangu, Wajerumani waliingiaje kwetu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na habari na Ujerumani, isipokuwa Mzee wa Uganda, rafiki mkubwa wa baba, ambaye zamani alipokuwa akikimbia nchi yake alilala kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Frankfurt. Kila mwaka alituhadithia viti vile, vilivyokuwa vigumu na vya rangi ya machungwa, na kila mwaka vilizidi kuwa vigumu.

Mimi nililetwa Rågsved na mama nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa ametangulia. Alisafisha mabehewa ya treni za chini ya ardhi, kazi ya usiku, na mchana nyumba ilikuwa na sheria ya kutembea kwa vidole. Tulikaa ghorofa ya nne. Kutoka roshani uliona majengo mengine kama letu, na nyuma yake msitu. Mpira wa Uingereza, ambao kila mtu wa kwetu aliufuata, ulitaka kadi ya kulipia. Mpira wa Waswidi, kwa maneno ya baba, ulitaka uvumilivu. Lakini baba alipewa dishi kuukuu na mtu aliyekuwa akihama, akalifunga kwenye roshani kwa vyuma na kamba ya kuanikia nguo, na lilipoelekezwa kusini likakamata Ujerumani, bure. Habari za Ujerumani, mapishi ya Ujerumani, hali ya hewa ya miji tusiyoijua. Na kila mwaka, Jumamosi moja ya mwisho wa Mei au karibu na hapo, fainali ya kombe lao la taifa. Timu mbili, mchezo mmoja, mshindi anabeba.

Kulitega lile dishi ilikuwa kazi ya watu watatu. Baba roshani akilizungusha kidogo kidogo, mimi sebuleni nikitazama kioo, mama mlangoni katikati akipeleka maneno, kwa sababu upepo ulikuwa unayala. Bado. Bado. Hapo hapo. Umepita. Rudi. Mkono wa mama ulikuwa na unga, na nyumba nzima ilinukia iliki, maana siku hiyo alikaanga mahamri tangu asubuhi. Mbaazi za nazi zilikuwa jikoni zikitokota. Jirani alileta sombe, kisamvu cha kwao, aliyoipika kwa majani ya friji, na pilipili yake kwenye kichupa cha jamu. Mzee wa Uganda hakupika. Alileta soda, akaziweka roshani zipoe, na daima alisahau moja ambayo tuliikuta wiki iliyofuata.

Wakati ule watu walikuwa wengi. Viatu vilijaa mlangoni mpaka mlango haukufunguka wote. Na jua, wajua jua la hapa la mwezi wa tano, lisilojua kwamba ni jioni. Saa mbili usiku lilikuwa bado linaingia dirishani na kupiga moja kwa moja kwenye televisheni, hata wachezaji hawakuonekana. Mama alitundika leso mbili za rangi nzito juu ya pazia, na sebule ikawa nyekundu, watu wote nyuso nyekundu, mahamri mekundu. Nje yalipita malori ya vijana waliomaliza shule, wakipuliza tarumbeta na kuimba, na chini ya dirisha maua yale ya zambarau yalinukia mpaka ndani. Mpaka leo harufu ile kwangu ni harufu ya mpira.

Sasa, yule mtangazaji wa Kijerumani. Alisema sana na hakuna aliyemwelewa. Mwaka wa kwanza tulivumilia robo saa hivi. Kisha baba akazima sauti, akasogeza kiti pembeni ya televisheni, akakaa kututazama sisi na mpira kwa pamoja, akaanza kutangaza yeye.

Baba alikulia Voi, mji mdogo kwenye reli itokayo Mombasa. Utotoni alishinda stesheni. Pale palikuwa na karani aliyetangaza treni, treni ikija, treni ikichelewa, treni isipokuja kabisa, yote kwa sauti ile ile ya heshima. Baba aliitaka kazi ile kuliko kazi yoyote duniani. Hakuipata. Alipata ya kusafisha treni, katika nchi nyingine, na hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu mbele yangu. Lakini siku ya fainali alikuwa na sauti ambayo hakuwa nayo siku nyingine.

Majina ya wale wachezaji yalimshinda, akawapa mengine. Waliovaa nguo nyeusi zaidi walikuwa Stesheni, watu wa mjini Voi. Waliovaa nyeupe zaidi walikuwa Mkonge, watu wa shamba la mkonge nje ya mji. Kila namba ilikuwa na mtu wake. Wa katikati, mrefu, mwenye mwendo wa kuinama kidogo, alikuwa Karani. Wa pembeni kushoto alikuwa Fundi Baiskeli. Beki wa mwisho, asiyepitika, alikuwa Mama Mahamri, mwanamke wa pale sokoni ambaye hakuna aliyewahi kumtoroka. Kwa Mkonge kulikuwa na Nyapara, na Dereva wa Trekta, na golikipa alikuwa Mpishi, kwa sababu mikono yake haikuungua.

"Karani anao," baba angesema. "Karani anatazama saa. Hana haraka, treni haijafika. Anampa Fundi Baiskeli. Fundi anapiga kengele, pisheni njia, anampita mmoja, na sasa yuko mbele ya Nyapara, mikono nyuma, anamuuliza, wewe umetoka wapi saa hizi?"

Jirani alikuwa Mkonge, daima. Alisema watu wa shamba hawajawahi kupewa haki, hata kwenye mpira. Mzee wa Uganda alikuwa Stesheni. Walitupiana maneno jioni nzima, Jirani akisema Karani amekula pesa za tiketi, Mzee akisema Nyapara anakimbia kama mtu aliyebeba kabati. Timu za Ujerumani zilibadilika kila mwaka, rangi zikabadilika, wachezaji wakazeeka wakaja wengine. Karani hakubadilika. Hata mchezaji akitolewa na mwingine kuingia, baba alimpa anayeingia jina lile lile. Alikaa kimya mpaka wamepishana mstarini, kisha akasema, "Karani amefunga kamba za viatu, anaendelea." Kwa baba hakuna mtu aliyetoka.

Na kulikuwa na sheria. Kuanzia filimbi ya kwanza mpaka kombe liinuliwe, hakuna Kiswidi sebuleni. Sisi watoto tulikuwa na ugonjwa huo. Mama aliuliza kwa Kiswahili, nilijibu kwa Kiswidi, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini siku ile neno moja la Kiswidi likikuponyoka ulipelekwa roshani kulishika dishi, hata kama dishi halikuhitaji kushikwa. Nililishika sana. Kiswahili hiki unachokisoma, ambacho sikukisomea shule yoyote, nilikipata kwa mama jikoni na kwa kuogopa roshani.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni mwaka aliokuja bibi, mama yake baba. Alikuja kututembelea kiangazi, akavaa koti la baba ndani ya nyumba kuanzia asubuhi mpaka kulala. Siku ya fainali baba aliwasha televisheni mchana ili kujaribu dishi, na hapo kwenye kioo timu zikawa zimepanga mstari, wimbo unapigwa, kombe liko mezani. Rangi zilikuwa zenyewe, timu zenyewe. Baba akapiga kelele kwamba wameanza mapema. Alipiga simu kote. Watu walikuja wakikimbia, Jirani na sombe ambayo haijaiva, mtu na soksi tofauti, mahamri yakatolewa kwenye mafuta yakiwa mabichi ndani. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na neno la Kijerumani ambalo halikuondoka mchezo mzima. Jirani, ambaye kwa sababu ya Kifaransa chake tulimwona msomi wa lugha zote za Ulaya, alisema ni jina la uwanja.

Baba akatangaza. Bibi alikuwa amekaa kwenye sofa katikati, mikono ndani ya mikono ya koti. Ilikuwa imepita kama robo saa hivi baba aliposema Karani anaenda kupiga kona.

"Karani gani?" bibi akauliza. "Yule wa stesheni?"

"Yule yule, Mama."

"Yule tulimzika. Mwaka juzi, mvua za vuli."

Kwenye kioo kijana wa Kijerumani alikuwa anauweka mpira kwenye pembe, anarudi nyuma hatua. Baba alimtazama bibi, akatazama kioo. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mambo ya nyumbani wakati ule yalifika yakiwa yamechelewa au hayakufika.

"Karani anapiga kona," akasema.

"Nimekwambia huyo ni marehemu."

"Nimesikia, Mama. Hapa bado anacheza."

Bibi akafikiri. "Basi apewe sweta," akasema.

Watu wakacheka, baba naye, na mpira ukaendelea. Lakini kuanzia hapo kila jina lilipotajwa bibi alitoa habari zake. Fundi Baiskeli alihamia Mombasa, ana wajukuu, mguu unamsumbua. Mama Mahamri yupo, amenenepa. Nyapara aliokoka, sasa ni mtu mpole, anafuga kuku. Kipindi cha pili niliona baba anafanya jambo lingine. Kabla ya kutaja jina jipya alikuwa anamtupia bibi jicho, na bibi anaitikia kwa kichwa, au anatikisa. Baba alikuwa hajafika Voi kwa miaka mingi. Nadhani aliyasikia yote siku ile, habari za mji mzima, katikati ya mpira, na watu wote wakidhani anatangaza tu.

Stesheni walishinda. Jirani alifungwa leso kichwani kama mtu anayeumwa, ndiyo ilikuwa adhabu ya anayefungwa, watu wakala, wakashukuru, wakavaa viatu vyao, wakaondoka. Mama na baba walikuwa jikoni wakiosha vyombo, mimi nafuta sahani. Bibi alikuwa amebaki sebuleni peke yake na televisheni isiyo na sauti.

"Wamerudi," akasema.

Baba akauliza nani.

"Wazungu wako. Wamerudi, na wameoga."

Tukaenda kutazama. Ilikuwa kweli. Timu zile zile, mstari ule ule, kombe lile lile mezani, nyasi zikiwa na kivuli cha jioni. Wachezaji tu ndio hawakuwa wale. Tulikuwa tumetazama fainali ya zamani, ya kabla hatujapata dishi, ambayo Wajerumani waliirudia mchana ili kuwachangamsha watu wao. Mama alirudi jikoni haraka, nikamsikia anachekea kwenye maji ya vyombo.

Baba alisimama na kitambaa cha sahani begani. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Labda Jumatatu mtu mmoja kazini angesoma matokeo, lakini wangesema ni Wajerumani, nani anawajali. Alivua kitambaa, akatoka na ndala. Nilimfuata mpaka ngazini. Alibisha kwa Jirani.

"Jirani, nimewatangazia mechi ya zamani. Ya leo inaanza sasa hivi. Mnisamehe."

Jirani alikuwa bado na leso kichwani. "Kwa hiyo Mkonge hatujafungwa?"

"Bado."

"Ninakuya," akasema, na akaanza kuifungua ile leso.

Baba akaendelea kushuka, mlango hadi mlango. Mzee wa Uganda alikuwa ameshaondoka kurudi kwake Fisksätra, na ni mbali, unabadilisha treni mara mbili. Baba alikimbia mpaka stesheni ya Rågsved na ndala zake, akamkuta kwenye jukwaa akisubiri treni. Mzee alisema baadaye kwamba alipomwona anakuja vile alidhani kuna mtu amekufa.

Wakarudi wote. Mahamri yalikuwa yamekwisha, tukala mkate. Baba alitangaza mchezo wa pili baada ya kutangaza wa kwanza, na sauti yake haikuwa na nguvu hiyo. Ilianza kukwaruza, ikawa nyembamba, na kabla mpira haujaisha ilikuwa imekatika kabisa. Hakuacha. Alinong'ona. Watu walivuta viti, walikaa chini miguuni pake, watoto na wakubwa, wakainamisha vichwa ili wasikie. Ukiingia ungedhani ni watu wanasali. Na katika mnong'ono ule Karani alikuwa bado anacheza, na sweta lake. Mkonge walishinda. Bibi alikuwa amelala.

Hilo dishi liliondolewa zamani, kampuni ya nyumba ilisema madishi yanaharibu ukuta. Sasa mpira unakuja kwa mtandao, na mtangazaji ni Mswidi. Baba alizima sauti vile vile. Jirani alimwambia sasa hakuna haja, huyu tunamwelewa. Baba akasema ndiyo maana.

Basi ikafika Jumamosi. Watu hawakuwa wengi. Wengi wamehama, wengine wamerudi kwao, watoto wana nyumba zao na kazi za mwisho wa juma. Tulikuwa wanne: mama, Jirani, Mzee wa Uganda ambaye sasa anatembea na gari lile la kusukuma la wazee, na mimi. Mapazia na leso vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Jua liliingia lote. Kwenye televisheni tuliona zaidi sura zetu wenyewe, na nyuma yake vivuli vinavyokimbia.

Nilikaa kwenye kile kiti cha pembeni. Nikazima sauti. Filimbi ilipigwa, nikaona midomo ya refa, na sikusema kitu.

Nakwambia kama ilivyokuwa. Sikuwa nikilia. Nilikuwa nimekaa tu, na maneno hayakuwepo, kama unavyofungua kabati na kukuta rafu tupu. Nilimtazama yule wa katikati, nilijua jina lake ni nani, na sikulisema. Hakuna aliyenihimiza. Jirani alitafuna taratibu sana ili asisikike. Kipindi chote cha kwanza kilipita hivyo, watu wanne kwenye jua wakitazama Wajerumani bila sauti. Tangu baba afe sikuwahi kuona aibu, siku ile ndiyo niliona, kidogo.

Mapumziko mama alileta chai. Aliponipa kikombe alibaki amekishika kidogo na mimi nimekishika.

"Usitangaze kama yeye," akasema. "Sema tu nani anao."

Kipindi cha pili kikaanza. Ndipo Mzee wa Uganda akasema, kwa Kiswahili chake cha kikwao, cha kambi za askari, kisicho na mapambo, kwamba yeye macho yake yana mawingu na jua hili limemmaliza, na amekuja kutoka Fisksätra na haoni kitu.

"Nani iko na mpira?" akauliza.

Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa ameelekeza uso wake kwangu, si kwa televisheni.

"Karani," nikasema.

"Anapeleka wapi?"

"Kwa Fundi Baiskeli. Kushoto."

"Na Nyapara?"

"Nyapara amesimama."

"Huyo daima amesimama," Mzee akasema, na Jirani akamwambia wale waliosimama ndio wanaojenga nchi. Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa ile ile ninayosomea menyu kazini. Sikuwa na kengele ya baiskeli wala treni iliyochelewa. Nilisema nani anao, anampa nani, nani ameupoteza. Mara mbili Kiswidi kilinitoka, na Jirani akanionyesha roshani kwa kidole, ingawa huko hakuna tena cha kushika. Mkonge walifunga bao. Jirani hakushangilia sana, aligonga goti lake tu.

Zilibaki dakika chache nilipoona mtu amesimama mstarini na ubao wa namba. Namba iliyotoka ilikuwa ya Karani.

Nilijua la kufanya. Unanyamaza mpaka wapishane, kisha unasema amefunga kamba za viatu. Nilinyamaza. Yule kijana alivuka uwanja polepole, ameinama kidogo, akipiga makofi kwa watu ambao hatukuwasikia. Walipofika mstarini wakagusana mikono.

"Karani anatoka," nikasema.

Mama aliinua kichwa. Mzee akageuza sikio.

"Anatoka? Nani anaingia?"

Kwenye kioo hakukuwa na sura, jua tu na umbo la mtu anayekimbia kuelekea katikati, akivuta soksi. Sikulipanga neno lile. Lilikuwa linafuata tu, kama namba inayofuata.

"Baba," nikasema.

Jirani aliweka sahani yake sakafuni.

"Kwa timu gani?" akauliza.

"Stesheni."

"Eh. Basi sisi tumekwisha," akasema, na akavuta kiti karibu.

Ningependa kukuambia kwamba baba alifunga. Hakufunga. Aliingia kwa kuchelewa na mpira haukumfikia sana. Nilisema kila alipougusa. Baba anao, anampa Mama Mahamri. Baba anaomba mpira, hapewi. Baba anakimbia, Nyapara yuko mbele yake, Baba amepoteza. Mzee alikuwa anaitikia kila sentensi kwa kichwa, macho amefumba. Mama alikuwa amekaa wima kabisa, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kisha refa akapuliza, nikaona mashavu yake yamejaa.

"Mpira umekwisha," nikasema.

Stesheni walifungwa. Tulitazama Wajerumani wakiinua kombe lao, karatasi za dhahabu zikianguka, tukatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akiwa amebeba sinia la vikombe alisimama mbele yangu.

"Alicheza vizuri?" akauliza.

"Aliingia dakika za mwisho," nikasema. "Lakini alikimbia."

Akaenda jikoni. Jirani alimsindikiza Mzee mpaka stesheni, gari lake la kusukuma likilia magurudumu ngazini, na mimi nikaosha vyombo. Sikulia, sijalia mpaka leo ninapoandika, na watu wanaosema itakuja siku moja labda wanajua. Mama yuko Farsta. Madirisha yake yanatazama upande usio na jua la jioni, na leso ziko kwenye droo. Rågsved wameingia watu wengine, sikuwaona. Voi nimefika mara moja tu nikiwa mkubwa, na stesheni ile ya zamani ilikuwa imefungwa, nyasi ndefu kwenye reli, na vijana niliowauliza hawakumjua karani yeyote. Waliobaki wanaomjua Fundi Baiskeli na mguu wake wa kushoto ni sisi wanne. Mmoja haoni, mmoja anafikiria kurudi Bukavu. Mwaka ujao fainali itakuwepo, Wajerumani hawakosi. Jirani ameshaniuliza kama nyumba ya mama ina nafasi. Nimemwambia ni ndogo, lakini viti vitatu na kimoja cha pembeni vinaenea.